Michembe Juu ya Jiwe la Afisa

Mwezi uliopita nilikwenda msibani karibu na Masumbwe, nikamwomba kijana wa bodaboda anipitishe kwanza kwenye jiwe la afisa. Unajua, ndugu yangu, kuna chuki mtu huzirithi kama anavyorithi pua. Yangu niliirithi kwa bibi, na siionei haya.

Jiwe lenyewe ni bamba pana lililolazwa juu ya msingi wa mawe, kumkumbuka afisa wa Kizungu na askari wake waliouawa pale katika ile vita ya kwanza ya dunia. Jina lake lilichongwa kwa herufi kubwa, na chini yake: "pamoja na askari wake". Wapagazi hawakutajwa. Baba yake bibi alikuwa mpagazi. Alibebeshwa kitanda cha afisa kwa lazima, akapigwa risasi siku ileile, akaachwa porini, bibi akiwa bado tumboni.

Basi kila msimu wa viazi vitamu bibi alianika michembe juu ya bamba lile. Tulimenya na kukata vipande tangu alfajiri, mikono ikinata utomvu, huku tukifukuza mbuzi. Lakini kabla ya kuanika, alisugua jiwe kwa mchanga na gunzi, palepale penye jina, mpaka jasho likamtoka. "Chakula kinataka pasafi," alisema.

Mwalimu mkuu wa shule yetu alipomwona akisugua, alipendezwa mno. Akatupanga mstari tumtazame bibi, tujifunze kuwaenzi mashujaa. Bibi akamshukuru kwa adabu zote. Jioni alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akaninong'oneza, "Baba yangu hana kaburi. Na huyu hatakuwa na jina."

Safari hii nilikuta uzio na mlinzi. Hakuna anayeanika tena pale, na kinachosikika ni karasha za wachimbaji zikisaga mawe kutwa. Harufu ya michembe niliikosa. Bibi nilimkosa zaidi.

"Shikamoo, mama," mlinzi alinisalimu. "Samahani, jina halisomeki. Jua na mvua vimelifuta."

"Marahaba, mwanangu." Sikumsahihisha, ila moyoni nilipiga vigelegele. Pembeni ilibaki herufi moja, hafifu. Nikainama, nikachota mchanga.

"Naweza kusafisha kidogo?"

"Safisha tu, mama. Mungu akubariki."

Nikapiga magoti, nikasugua.