Mashine Iliyotoa Ushuhuda

Wiki jana pale Mbumbuni, lori la maembe lilikwama nje ya ofisi ya chama cha wakulima kwa sababu kompyuta mpya ilikuwa na maneno mengi. Lori haliondoki bila kibali kilichochapishwa, na printa ilikuwa inachapisha mambo mengine. Fundi alikuwa ametunga programu kwa lugha ambayo fanksheni moja, yaani kipande kidogo cha programu, huita nyingine, nayo huita nyingine, mpaka jibu lipatikane. Kila moja aliiamuru iripoti ikianza na ikimaliza. Karatasi zilimwagika hadi sakafuni.

Mama mmoja ambaye maembe yake yalikuwa juani alichungulia dirishani. "Fundi, hii mashine imeokoka lini?"

"Kwa nini, mwaitu, mama yangu?"

"Inashuhudia kama sisi kanisani: niliamka, nikanawa uso, nikavaa viatu. Iambie ifike kwa Yesu, maembe yanaoza!"

Fundi alicheka, akabadilisha mstari mmoja tu: programu isiripoti kila kitu, iripoti makosa peke yake. Printa ikanyamaza, kisha ikatoa kibali. Lori likaondoka.

Meneja wa chama alibaki ameiinamia printa, sikio karibu na kifuniko. "Sasa tutajuaje kama iko sawa?"

"Ikikosea itasema yenyewe."

"Mimi nimesimamia watu miaka mingi," meneja akasema. "Sijaona hata mmoja akifanya hivyo."

Jumapili nilisikiliza shuhuda kanisani, nami nikatoa wangu. Zilikuwa ndefu, na tuliripoti kila kitu cha wiki hiyo isipokuwa makosa.