Kigingi cha Boti

Naandika nikiwa bado naona haya, maana ukingo mzima wa bwawa ulinicheka.

Ninawafundisha Mwende na Mutua, ambao polio iliwapooza miguu, kupiga makasia kwenye bwawa letu la Matinyani. Mvua ilikuwa imelijaza maji mekundu kama udongo wenyewe. Jumamosi akaja Mama Kasyoka, kiongozi wa kina mama waliolichimba, kuamua kama tutaendelea kulitumia.

"Nikiona hawawezi, mwalimu, hiyo boti itoke. Sitaki mazishi hapa."

Nikapuliza filimbi. Makasia yakapinda, boti ikakaa palepale.

"Vuteni," nikafoka. "Mmekunywa uji wa wagonjwa?"

"Mwalimu, leo maji imekuwa ugali," Mutua akahema.

Mama Kasyoka akatikisa kichwa. Nikaanza kumweleza, kwa sauti ya mtaalamu, kwamba mabega yao bado ni machanga. Mara maji yakapasuka nyuma yangu, na boti ikachomoka kama swala.

Mpiga makasia huelekeza mgongo kule aendako, kwa hiyo Mwende ndiye aliyekiona kwanza. Nyuma ya boti kiliburutwa kigingi kinene, kile ninachokipigilia chini ya maji kila jioni na kuifungia boti kama mbuzi, ili wezi wasione kamba.

"Cha nani hicho?" Mama Kasyoka akauliza.

"Cha mwalimu," Mwende akaita kutoka katikati ya bwawa. "Tumeking'oa."

Mama Kasyoka akanigeukia.

"Boti ikae," akasema. "Wa kufungwa ni mwalimu."