Sukari ya Baba na Ngozi ya Mafuta

Wakati wa vita, Kindu ilipokatika na dunia, sukari ilitutoroka kabisa. Treni haikuja. Baskeli zilizosukumwa kutoka Lubutu zilileta chumvi kwanza, maana chai chungu inanyweka, lakini sombe, mboga yetu ya majani ya mihogo, bila chumvi inamshinda hata mwenye njaa. Ni katika siku hizo ndipo baba yangu, fundi cherehani wa mtaa wa Mikelenge, alipougua ugonjwa wa sukari.

Aliyeugundua ni mama. Baba alikuwa akikonda, lakini mji mzima ulikuwa unakonda, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa. Alikunywa maji kama mchanga na kutoka nje kila mara. Asubuhi moja mama alirudi kutoka nyuma ya nyumba, mikono kiunoni.

"Muzee, pale unapokojoa sisimizi wamejaa. Sukari unaificha wapi?"

"Sukari gani? Tangu vita ianze sijaonja hata kijiko!"

"Basi uwaambie wao. Mimi wamenikatalia."

Muuguzi wa mtaa wetu alimpima, akatikisa kichwa. "Njo yenyewe, baba, ni sukari. Uache vitu vitamu."

Baba alimtazama kwa upole mkubwa. "Mwanangu, vitamu viko wapi? Nionyeshe kimoja tu, nami nitakiacha leo leo."

Habari zilienea mtaani. Wateja waliokuja kutiliwa viraka wakaanza kumwita tajiri. Jioni moja jirani alibisha hodi akiwa na kikombe kitupu chini ya kitenge, akinong'ona kwamba amesikia kwetu sukari iko. Mama alicheka hadi akakaa chini. Baba hakucheka. Macho yake yalikuwa yameanza kufifia, nami, niliyekuwa bado msichana wa shule, ndiye niliyemtungia uzi kwenye sindano. Siku ile alivuta uzi polepole, akasema, "Mtu anaugua malaria kwa sababu ya mbu. Mimi nimekosea nini? Nimekula nini?"

Mama alimkatazia mihogo hata pale ambapo hapakuwa na kingine, kisha akampa, kwa sababu hapakuwa na kingine. Barabara zilipofunguka vidonge vilifika, baba akapona kiasi, ingawa kidole kimoja cha mguu kilikuwa kimekwisha kukatwa. Mimi nikaenda Kisangani kusoma, na watu walipouliza kwa nini nimechagua kemia ya mwili, nilisema napenda maabara. Kweli ilikuwa ule uzi, na swali la baba.

Sasa nafundisha hapa Kindu. Juzi, baba akiwa amenyoosha miguu barazani, nilimwambia jibu lake nimelipata, angalau nusu.

"Kongosho lako linatoa insulini, ile inayoipeleka sukari mwilini. Pamoja nayo hutoka protini nyingine ndogo. Kwa baadhi ya watu, hiyo ndogo inashikana, inakuwa nyuzi nyuzi, inaua seli zilizoitoa."

"Nyuzi?" Fundi alisimamisha kikombe. "Zinashikana kwa nini?"

"Kila seli ina ngozi ya mafuta. Baadhi ya mafuta hayo yanaivuta ile protini, kama sumaku. Ikishajipanga juu ya ngozi, inashikana haraka zaidi kuliko ingekuwa peke yake. Na katika kushikana huko inaitoboa ngozi yenyewe."

Baba alifikiri, kisha akamwita mama kwa sauti ya mtu aliyeshinda kesi. "Umesikia? Ni mafuta! Na nani alikuwa anapika na mawese katika nyumba hii?"

"Si mafuta ya chakula, baba," niliharakisha kusema. "Ni ya seli. Kila mutu anayo. Hata mama."

"Hata mimi," alisema mama kutoka jikoni, "na yangu yametulia."

Nikamwambia pia kwamba wataalamu bado wanabishana, na kwamba dawa ya kuzizuia nyuzi hizo haijapatikana. Nilidhani itamvunja moyo. Alijisugua goti.

"Kwa hiyo si kitu nilichokula."

"Wakati ule ulikuwa unakula nini, baba?"

"Njo hivyo," akasema, na nikaona mabega yake yakishuka, kama mtu anayetua mzigo ambao sisi wengine tulikuwa tumeufanyia mzaha miaka yote.

Ijumaa baba alitoka msikitini na rafiki yake, muuza vitambaa, mgonjwa wa sukari pia, akaniamuru nimweleze tangu mwanzo. Yule mzee alisikiliza hadi mwisho kwa heshima zote, kisha akauliza kama mafuta hayo yanaweza kurithiwa kutoka kwa mama mkwe.