Boksi Chini ya Gari la Chumvi

Sisi tuliokulia Kasese katika nyumba yenye gari kuukuu la dizeli tulijifunza kusoma mara mbili. Kwanza shuleni, ubaoni, kiboko kikiwa karibu. Pili nyumbani, asubuhi, tukiwa tumelala kifudifudi chini ya pikapu ya baba. Jioni baba alipoegesha gari, mimi na mdogo wangu Musa tulichana boksi la sabuni, tukalitandaza chini ya injini na kuliwekea vijiwe pembeni ili upepo usilichukue. Kulipokucha, kabla hata ya chai, baba alisimama mlangoni na mswaki mdomoni akauliza: "Zaina, leo imeandika nini?" Nami nilimsomea kwa sauti ya mwalimu mkuu. Tone jeusi lilikuwa la injini. Zito lenye harufu ya kukata pua, la giaboksi. Kama maji, basi rejeta. Na mahali lilipodondokea palikuwa na maana yake, mbele, katikati au nyuma. Watoto wenzetu walicheza kibe na mpira wa majani ya migomba. Sisi tulicheza hayo yote, lakini boksi kwanza.

Pikapu ile ilibeba chumvi kutoka Kabatoro kwenda sokoni Bwera. Ikirudi tupu, tulikuwa tunairukia kuramba mbao za nyuma, mama akitufukuza na mwiko. Nikifumba macho hata leo naisikia ladha ile, chumvi na vumbi na dizeli kidogo, halafu bundu la moto, ule ugali wetu wa muhogo, na samaki wa Kahendero aliyekaushwa mpaka mifupa inatafunika. Siku za likizo baba alituruhusu kupanda juu ya magunia hadi Bwera, milima ikiwa upande wetu na upepo ukitufunga midomo. Kule alikuwepo Mama Kavira, mfanyabiashara kutoka Butembo, rozari shingoni na kicheko cha kusikika soko zima. Aliuza unga wa muhogo na kununua chumvi kwa baba. Hatukuondoka kwake mikono mitupu hata siku moja.

Basi mwaka mmoja Ramadhani iliingia, na kama kawaida jirani zetu walikuja kuswali tarawehe uani kwetu, maana ua ulikuwa mpana. Mama alikuwa amechoka na madoa ya oili. Alilalamika asubuhi, akalalamika wakati wa futari, mpaka siku moja baba akainuka, akafungua boneti, akainama kidogo, kisha akaja akipangusa mikono kwa kitambaa. "Imeisha," akasema. Na kweli, kesho yake boksi lilikuwa safi. Mama alimwongezea uji.

Furaha ile haikufika Idi. Boksi likaanza kuandika upya, na sasa mwandiko wenyewe ulikuwa wa kichaa. Leo mbele, kesho nyuma, keshokutwa pande zote. Baba alishinda amelala chini ya gari. Alikata gasketi kwa mikono yake: analaza karatasi ngumu juu ya chuma, anagonga ukingo taratibu kwa nyundo ndogo mpaka umbo linajikata lenyewe. Alinifundisha kukaza nati za kifuniko cha vali, moja huku, nyingine upande wa pili, kidogo kidogo. "Kaza kama unafunga chupa ya dawa," aliniambia, "siyo kama unafunga mwizi." Nilikaza hivyo hivyo. Akiziba hapa, inatokea pale. Siku moja oili ilimwishia njiani akitoka Kabatoro, mvua ikamkuta hapo, na chumvi ya watu ikayeyuka huku anaitazama. Wafanyabiashara wa Bwera wakaanza kupakia kwenye magari mengine.

Baba hakuwa mtu wa kelele. Jumatano jioni, tukiwa tunakula, alisema tu: "Ijumaa boksi ikiwa chafu, injini inaenda Bugoye. Ikasage mahindi kule." Kulikuwa na mwenye mashine ya unga aliyekuwa akiitamani injini ile siku nyingi. Musa alisukuma sahani. Mimi nililia waziwazi, wala sioni haya kusema hivyo. Bila gari lile baba angekuwa nani? Mtaa mzima ulimjua kwa mlio wake kabla haujamwona.

Kesho yake Mama Kavira alikuja mwenyewe kutoka Bwera, na kifurushi cha unga kichwani, kutaka kujua chumvi yake imepotelea wapi. Alimkuta baba ameiosha injini yote kwa mafuta ya taa na sabuni, imekauka, inang'aa. Baba akaeleza kwamba chuma kikiwa safi hivyo, ukikinyunyizia kitu cheupe na kuwasha, oili itajichora njia yenyewe pale inapoanzia. Alitaka poda ya mtoto, na sisi mtoto wa poda hatukuwa naye. Mama Kavira akafungua kifurushi chake. Mama akaleta kitambaa cha kuchujia tui, na mimi nikapewa heshima ya kupuliza unga wa muhogo juu ya injini ya dizeli. Nilipuliza mpaka nikawa mweupe kama jini.

Baba akawasha. Tulisogea sote, vichwa vikigongana. Mstari mmoja mweusi ukashuka kwenye kifuniko cha juu. Mwingine mbele, karibu na puli. Mwingine ubavuni. Unga ukalowa kila mahali kwa wakati mmoja. Kisha kile kijiti cha kupimia oili kikaanza kupanda chenyewe kutoka kwenye tundu lake, polepole, kama kuna mtu anakisukuma kwa ndani.

Mama Kavira akarudi nyuma, akashika rozari. "Baba Zaina! Hii moteri iko napumulia wapi? Mutu ukimufunga pua na kinywa, jasho itamutoka mwili muzima!"

Ndipo mama akauliza kwa upole wa kutisha: "Na ile gunzi uliweka Ramadhani, ulishatoa?"

Sijawahi kuona mtu mzima akizima gari haraka vile. Baba alipenyeza mkono nyuma ya injini, kwenye bomba la mpira ambalo injini hutolea pumzi zake, akavuta. Likatoka gunzi la muhindi, jeusi, limelainika, linanuka. Alikuwa ameliziba bomba lile kwa sababu lilikuwa linadondosha tone moja moja uani. Moshi wa ndani ya injini, kwa kukosa njia, ukawa unasukuma oili kwenye kila gasketi aliyoikata. Mama Kavira alicheka mpaka akakaa chini. Baba naye akashindwa kujizuia. "Wasingya, mama," alimshukuru kwa lugha ya kwetu. Kisha akamtazama mama yetu, na mama akatazama milima.

Baba alibadilisha gasketi ya juu, akafunga kopo tupu la maziwa kwa waya mwisho wa lile bomba, tone lidondokee humo, ua ubaki na heshima yake. Asubuhi ya Ijumaa nililala chini ya gari, nikasoma, nikarudia kusoma. "Zaina, imeandika nini?" "Baba, haijaandika kitu!" Mama akapiga vigelegele. Baba alilikunja boksi, akalitia kwapani, akaenda nalo msikitini kuwaonyesha wenzake baada ya swala.

Siku hizi nina gari ambalo injini yake imefunikwa plastiki kama kitumbua kwenye sahani ya wageni. Kitaa chekundu kikiwaka, mwanangu ananiambia, "Mama, zima uwashe tena," kana kwamba ni simu. Fundi anachomeka kompyuta, anasoma, anatikisa kichwa. Watoto hawa wana raha, sikatai. Lakini hawajui nyumba yao ina harufu gani asubuhi, na hakuna kati yao aliyewahi kulilia injini.

Baba alitutoka kabla ya mfungo uliopita. Pikapu iko palepale uani, na kopo lake linaning'inia kwa waya. Nilipokwenda kumwona mama kwa ajili ya Idi, nilichana boksi jioni ya kuamkia sikukuu, nikalitandaza, nikaweka vijiwe. Asubuhi nikajilaza na nguo zangu za sikukuu, magoti yakinilaumu. Lilikuwa kavu. Hata kopo lilikuwa kavu. Nilibaki nimelala pale chini, nikisubiri mtu aniulize kutoka mlangoni leo imeandika nini.