Spana Iliyozuia Ndege

Saa mbili na robo asubuhi, fundi anahesabu. Amesimama mbele ya ubao mpana mweupe, na kwa kidole anagusa zana moja moja: spana, bisibisi, koleo, nyundo ya mpira. Nyuma ya kila zana limechorwa umbo lake kwa rangi nyekundu, ili zana ikitoka, pengo lake lionekane hata na mtu mwenye usingizi.

"Sitini na mbili, sitini na tatu, sitini na nne." Anashusha pumzi, anarudi mwanzo na kuhesabu tena.

Ndege ya viti thelathini imesimama mlangoni mwa karakana, pangaboi zake zimetulia. Rubani anachungulia saa yake ya mkononi. "Bi Subiri, abiria wako watazeekea hapa."

"Wazeeke wakiwa hai," fundi anajibu bila kugeuka.

Jina hilo wamempa marubani, na halimkeri. Ana umri wa miaka arobaini na moja, na kumi na minne kati ya hiyo ameitumia katika karakana hii ya shirika dogo la ndege linalohudumia miji ya mikoani. Shirika lina ndege tatu na mafundi wawili tu wenye leseni ya kutia saini kwamba ndege ni salama. Mmoja ni yeye, na wa pili ni Fundi Mkuu, mzee wa miaka sitini na mitatu aliyemfundisha kazi.

Wiki mbili zilizopita alipokea barua kutoka shirika kubwa la ng'ambo, lenye ndege zaidi ya mia. Wanamtaka. Mshahara ni mara tatu ya huu wa sasa, ambao mwaka huu umechelewa mara nne. Mwisho wa kujibu ni leo, saa kumi jioni.

Fomu ya kuikubali kazi hiyo iko kwenye droo ya meza ya Fundi Mkuu, na imejazwa yote isipokuwa mstari mmoja. Mstari huo unauliza jina la ndugu wa karibu, mtu wa kupigiwa simu endapo mfanyakazi atapatwa na jambo.

"Nimejaza kila kitu, mpaka namba ya kiatu," anasema na kucheka kidogo. "Nikifika hapo kalamu inagoma."

Hajaolewa. ("Na wewe usianze," anamwonya mwandishi wa makala haya.) Baba yake alifariki zamani, na mama alimfuata miaka mitatu iliyopita. Aliyebaki ni mdogo wake, mwalimu wa shule ya msingi hapa hapa mjini, ambaye hajasemezana naye tangu siku walipomzika mama yao.

Kisa chenyewe kilianzia kwenye ubao huu.

Mama yao aliishi katika mji wa mbali, saa moja na nusu kwa ndege na siku mbili kwa barabara. Asubuhi ile habari zilikuwa mbaya: mama amezidiwa. Mdogo mtu alikata tiketi ya safari ya saa mbili. Fundi naye alipewa ruhusa apande ndege hiyo hiyo, akishamaliza kufunga pampu ya mafuta aliyokuwa ameianza.

Simu haziruhusiwi karibu na ndege, kwa hiyo ya kwake ilikuwa kwenye mkoba, ndani ya kabati la chumba cha chai. Katikati ya kazi alishindwa kuvumilia. Akakimbia kuitazama, hakukuta ujumbe wowote, akarudi kumalizia pampu. Alipohesabu zana akapata sitini na tatu. Spana namba kumi na tatu haikuwepo.

"Sheria ni moja," anaeleza Fundi Mkuu. "Zana ikikosekana, ndege hairuki. Spana ikisahaulika ndani ya injini, au ikakaa kwenye nyaya za usukani, hutapata nafasi ya pili ya kuitafuta."

Walifungua tena pampu. Wakafungua mifuniko ya injini, wakang'oa viti sita, wakamulika kwa tochi kila uwazi unaopitisha mkono. Meneja alikuja kubembeleza, kisha akaja kufoka. Alimkumbusha fundi kwamba yule ni mama yake mwenyewe, atie saini tu, spana itaonekana baadaye.

"Nilikataa," anasema fundi. "Ile ndege ilikuwa ibebe watoto wa watu ishirini na wanane. Mmoja wao mtoto wa mama yangu."

Walitafuta kwa saa sita nzima. Saa nane mchana simu iliita ndani ya kabati, mtu akamwita. Akaenda, akafungua mkoba, akaingiza mkono kuichukua.

"Mkono ulishika chuma kwanza," anasema. "Nilipokimbilia simu asubuhi, spana ilikuwa mkononi. Nikairudisha simu, na spana nikaitia humo humo bila kujua. Nikawa nimeishika hivyo, huku jirani ananiambia mama ametutoka."

Ndege iliruka saa tisa na kuwapeleka watoto wawili wa marehemu kwenye msiba. Hawakukaa pamoja. Makaburini, watu walipoanza kutawanyika, mdogo wake alimsogelea na kumuuliza jambo moja tu: "Spana yako umeipata?" Hakumsemesha tena mpaka leo.

Fundi alimpigia simu wiki baada ya wiki, kisha mwezi baada ya mwezi. Simu iliita mpaka ikakatika yenyewe. Aliwatuma wajomba, wakarudi mikono mitupu. Maji yakimwagika hayazoleki, walimwambia, kana kwamba hajui.

Kilichomchoma zaidi ni usaili wa lile shirika kubwa. Walimuuliza kama amewahi kuzuia ndege. Akawasimulia yote, pamoja na habari ya mkoba, akiamini kwamba hapo hapo amemwaga unga wake. Mmoja wa wasaili aliweka kalamu chini. Baada ya siku nne, barua ikafika.

"Siku iliyonivunja ndiyo imenipa kazi. Sasa nifurahi?" anauliza. "Na nikiondoka hivi hivi, atasema nimemkimbia. Na atakuwa na haki."

Fundi Mkuu hajifanyi kwamba hajali. Fundi wake akiondoka, inabaki saini moja, na ndege moja italazimika kusimama mpaka apatikane mwingine. "Lakini chanda chema huvikwa pete. Nimfunge miguu?" anasema, halafu anageukia dirisha. "Ila chai nitakunywa na nani, sijui."

Kila mwaka mfanyakazi hupewa viti viwili vya bure. Fundi ameviomba vyote kwa safari ya leo ya saa nne, kwenda mji ule ule na kurudi na ndege ya mchana. Jumatatu alimwandikia mdogo wake ujumbe: twende pamoja kwenye kaburi la mama, kisha ndipo nitajibu barua ya watu. Mpaka asubuhi hii hakuwa amejibiwa.

Mwandishi wa makala haya alimtembelea mwalimu huyo jana. Ni mtu mpole, mwenye vumbi la chaki kwenye mikono ya shati. Alianza kwa kusema hana la kusema. Akafuta ubao wote, taratibu, kabla ya kuendelea.

"Watu wanadhani namlaumu kwa kuzuia ndege," alisema. "Simlaumu. Mimi mwenyewe nisingetaka kupanda. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki pale ukumbini kwa saa sita, mama yangu anakata roho. Dirishani namwona dada yangu anatambaa chini ya ndege na tochi. Hakuja kukaa na mimi hata dakika moja. Hata kunishika bega. Nilikuwa peke yangu siku ile, na nina dada."

Alipoulizwa kama maneno hayo yanaweza kumfikia dada yake, aliinua mabega. "Mwambie ukitaka. Mimi mdomo umekuwa mzito."

Sasa, karibu na saa tatu, fundi anaambiwa. Anasikiliza amesimama, kitambaa cha kufutia grisi kikiwa mkononi.

"Nilikuwa naitafuta ile spana ili afike," anasema. "Kila dakika niliyokuwa chini ya ile ndege nilikuwa namtafutia yeye." Anakaa juu ya ngazi ya chuma na kulia waziwazi, na mafundi wasaidizi wanajitia kazi upande wa pili wa karakana. Miaka mitatu ameomba msamaha wa spana, na kumbe haikuwa spana.

Saa tatu na nusu simu yake inatoa mlio ndani ya kabati. Anaenda kuisoma mikono mitupu. Siku hizi huonyesha viganja vyote viwili mlangoni kabla ya kuingia chumba cha chai. Anamwonyesha mwandishi ujumbe. Una maneno machache: "Siji. Leo darasa langu lina mtihani. Hesabu vizuri, Dada."

Anausoma tena kwa sauti, na neno la mwisho analirudia. "Hajaniita hivyo tangu msiba," anasema.

Anarudi kwenye ubao na kuhesabu mara ya tatu. Sitini na nne. Anatia saini kwenye kitabu cha ndege, anampa rubani, na rubani leo hatanii. Saa nne kamili ndege inaondoka ikiwa na viti viwili vitupu. Fundi hakupanda.

Anavuta droo ya Fundi Mkuu na kutoa fomu. Kwenye ule mstari anaandika jina la mdogo wake na namba ya simu, ambayo anaijua kwa moyo. "Simu zangu hapokei," anasema. "Ya kwao atapokea." Kisha anatia saini chini. Ataondoka mwisho wa mwezi. Fundi Mkuu anaichukua fomu kwa mikono miwili, anaikunja vizuri kuliko inavyohitajika, na kumwambia, "Nenda, mwanangu."

Lakini kwa leo hafiki mbali. Anavua ovaroli, ananawa grisi mpaka viwikoni, anachukua mkoba. Shule iko mwendo wa nusu saa kwa miguu. Nje ya darasa la mdogo wake kuna benchi la mbao ambapo wazazi hungojea watoto. Mtihani utaisha mchana, na huenda mwalimu akatoka na kumpita kama asiyemjua. Fundi amelifikiria hilo.

"Sitamwambia kitu," anasema akifunga zipu ya mkoba. "Nitakaa tu karibu naye. Yeye alikaa saa sita."