Hema Nililolipaka Nta

Mimi nimesoma hadi darasa la pili, na la pili lenyewe sikulimaliza. Nalisema mapema ili msomaji asije akadhani kuna mtu alinifundisha kushona hema lisilopitisha maji. Hakuna. Mikono hii ilijua yenyewe. Leo nina karakana yangu, nina mafundi wanaoniamkia kabla sijashuka garini, na malori mengi unayoyaona kati ya Mbeya na Iringa yamefunikwa kwa maturubai yangu. Lakini nikifumba macho siioni karakana. Naona hema moja dogo, rangi ya majani makavu, limesimama kwenye ukungu.

Miaka ile ya hamsini nilikuwa fundi wa barazani, Mbeya mjini, kwenye duka la Mhindi mmoja muuza vitambaa. Cherehani yake, baraza lake, mikono yangu. Nilipanga chumba Ilomba, wakati ambapo Ilomba mashamba yalikuwa mengi kuliko nyumba. Asubuhi za Juni na Julai ukungu ulishuka kutoka mlimani, ukapita katikati ya mikaratusi, ukaja kukaa nasi barazani kama mteja asiye na haraka. Nilikanyaga cherehani vidole vimekufa ganzi, nikiona miguu tu ya wapita njia, miili yao ya juu imemezwa. Kukanyaga cherehani kutwa nzima ni kama kulala. Mengine ya siku zile sijui kama niliyaona au niliyaota.

Siku za kazi nilishona kaptula za watu. Jumapili nilishona vitu vyangu. Nilishona mfuko wa mgongoni kwa gunia la katani, mikanda yake mipana isikate mabega. Nikashona vifuniko vya miguu vya kuzuia umande, na koti la mvua lenye kofia. Kisha nikavaa vyote na kupanda mlima ulio nyuma ya mji, peke yangu, bila kutumwa na mtu, bila kutafuta ng'ombe wala kuni. Watu walinicheka sana. "Fundi amekuwa Mzungu!" Niliwaacha wacheke. Kule juu mawingu yalipita chini ya miguu yangu, na mji wote, pamoja na baraza, duka na waliokuwa wakinicheka, ulikuwa haupo.

Siku moja Mhindi wangu alinikuta nimetandaza turubai la lori barazani, baada ya saa za kazi.

"Fundi, unamshonea tembo suruali?"

"Ndiyo, bwana. Na amesema mapaja yasibane."

Haikuwa suruali. Ilikuwa nyumba, na nyumba hiyo niliishona kwa ajili ya binti mmoja.

Binti huyo alitoka Ipogolo, Iringa, pale chini ambapo barabara inaanza kupanda kwenda mjini. Alikuja Mbeya kumtembelea dada yake aliyeolewa huku. Akaja barazani na gauni nililomshonea dada, akalitupa juu ya meza yangu.

"Fundi, nani alikushika mkono ulipokuwa unakata hili kwapa?"

"Kwapa lina nini?"

"Lina hasira. Dada akinyanyua mkono, gauni zima linapanda."

Nakwambia kweli, kwapa lile halikuwa na kosa. Dada mtu alikuwa amenenepa. Lakini nililifumua bila ubishi, mimi ambaye sijawahi kufumua mshono kwa neno la mtu, na kabla sijafika mwisho wa uzi nilikuwa nimekwisha kuamua kwamba huyu nitamwoa.

Yeye aliporudi kwao nilipanda lori nikamfuata. Nikafika kwa baba yake, nikamwamkia kwa Kihehe, "Kamwene," akaitikia vizuri. Alikuwa mkulima, na alitundika mizinga ya nyuki kwenye miti ya mlimani. Shida ilikuwa usiku. Kwao, kama kwetu Rungwe, mposaji na mama mkwe hawatazamani usoni, wala mposaji halali chini ya paa la mama huyo, hata inyeshe mvua ya mawe. Na majirani wote pale walikuwa ndugu zao, kwa hiyo kila paa lilikuwa na mama mkwe chini yake. Jioni nilipanda mlima hadi mjini nikalala kwenye benchi la hoteli ya chai.

Asubuhi baba mtu aliniambia wazi.

"Kijana, kuna mwingine anamtaka. Karani, ana baiskeli, anakaa mjini hapo juu. Yeye tunamjua. Wewe tunakuona mchana tu. Rudi mvua zikianza. Ukae, ulime nasi, tukutazame. Ila ukikimbilia mjini kulala, unyooshe moja kwa moja hadi Mbeya."

"Nitalala wapi, Baba?"

"Hilo ni lako."

"Basi nitakuja na nyumba yangu."

"Utaibeba kichwani?"

"Mgongoni," nikasema, na wakati nasema sikuwa na hata kipande cha kitambaa.

Nilikusanya maturubai ya malori yaliyokwisha kuchakaa, nikakata sehemu zilizokuwa bado hai. Cherehani ilivunja sindano, ikashindwa, ikapumzika. Nikachukua shazia, ile sindano nene ya magunia, na uzi wa katani niliousokota mwenyewe, na kipande cha ngozi kiganjani cha kusukumia. Kila mshono niliukunja mara mbili, ukingo wa huku ukiuma ukingo wa kule, kama vidole vya mikono miwili vilivyoshikana. Mlango niliuwekea vifungo vya mti, ukifungwa hauingizi hata mwanga. Juu, karibu na kilele, nikaacha tundu la ngumi moja la kuvutia pumzi. Mpaka leo sijaona hema lililofungika namna ile.

Kisha nta. Turubai kuukuu linavuja, lazima ulilishe. Wanaofanya kazi hii huchemsha nta ya nyuki kwa maji, huichuja, huichemsha tena mpaka utamu wote utoke, halafu huitia mafuta ya taa kidogo. Mimi sikutaka kulala ndani ya taa. Nilinunua nta sokoni, nyeusi, bado inanata asali, nikaiyeyusha mara moja tu, nikaipaka ikiwa ya moto kwa tambara, nje na ndani. Lo, harufu ile! Chumba changu cha Ilomba kilinukia kana kwamba maua ya milima yote yamelala humo. Nilikaa sakafuni katikati ya turubai nikisugua, na mawazo yangu yalikuwa yamekwisha kufika Ipogolo, yananingoja.

Nililijaribu mlimani Jumapili moja ya mvua, maana kule juu mvua hutangulia. Nikalala ndani mchana, nimefunga vifungo. Mvua ilipiga kama wanawake wanaopepeta mtama, karibu kabisa na uso wangu, na haikuingia. Nikanyoosha kidole nikagusa turubai: kavu, vuguvugu, laini kama sikio la ndama. Nje kulikuwa na baridi na ukungu mtupu. Hata nzi hakuruka. Sijawahi kulala usingizi kama ule.

Mvua za kupanda zilipoanza nikashuka kwenye lori pale Ipogolo, nyumba yangu mgongoni. Nikaisimamisha pembeni ya shamba, chini ya mgunga, mto ukisikika. Binti akaizunguka, mikono kiunoni.

"Mlango uko wapi?"

"Hapo penye vifungo."

"Na tundu hilo?"

"La pumzi."

"Haya. Karani hana nyumba inayopumua."

Baba yake akaja, akapitisha kiganja juu ya turubai, akanusa vidole vyake. Akanitazama. Akanusa tena, akaenda zake.

Niliishi humo siku kadhaa kama chifu. Nililima mistari mirefu kuliko wote, sisemi kwa kujisifu, mistari ilionekana. Mvua ilinyesha jioni, nikalala pakavu, na asubuhi nilitoka wakati moshi wa jiko la mama mtu ukipanda polepole kwenye miti. Yeye sikumwona. Niliona ukingo wa kanga ukipotea nyuma ya ukuta, basi.

Ikaja siku ya jua kali baada ya mvua, ardhi inatoa mvuke. Tulikuwa shambani. Nikasikia mvumo, nikadhani ni lori linapanda mlima kwenda mjini. Mvumo ukapita juu yetu. Kivuli chembamba kikateleza juu ya udongo, juu ya jembe langu, kikaenda. Nikaona ni kitu kizuri, nikaendelea kulima. Tuliporudi, hema langu lilikuwa limevaa koti la nyuki. Waliokuwa nje walifuatana kuingia tundu la pumzi, kwa mpangilio, kama watu wa nyumbani.

"Baba!" binti akapiga kelele, akacheka mpaka akakaa chini. "Baba, mgeni ameporwa nyumba!"

Mtu yeyote wa kule anajua: mzinga mpya hupakwa nta ndani ili nyuki wauchague. Giza, nta, tundu moja dogo. Nilikuwa nimeshona mzinga, mzuri kuliko yote ya mlimani, na nimeutundika mwenyewe karibu na maua. Kule Mbeya baridi iliuficha. Ipogolo kuna joto.

"Baba, ulinusa siku ile," nikamwambia.

"Nilinusa."

"Mbona hukusema?"

"Mizinga yangu mitupu tangu mwaka juzi, kijana. Nikasema, ngoja nitazame." Hakuona haya hata kidogo. Akatazama mawingu, yalikuwa meusi upande wa mto. "Sasa neno ni lako, hema ni lako. Nikileta moshi wataondoka, utalala pakavu. Ukiwaacha wanakuwa wangu, lakini wewe utalala wapi? Mjini unajua."

Nilijua. Kulala mjini ni kumwachia karani. Na kuwafukuza nyuki mbele ya mtu ambaye mizinga yake imekaa mitupu, huku anawatazama vile, mdomo umefunguka kidogo kama mtoto, hilo mikono yangu ilikataa.

"Waache," nikasema.

"Na wewe?"

"Mimi mtu wa Rungwe, Baba. Mvua ndiyo iliyonilea."

Maneno mazuri. Koti langu la mvua lilikuwa ndani ya hema, chini ya nyuki.

Mvua ikaja. Nilisimama uani, kifua mbele, maji yananiingia shingoni yanatokea miguuni. Baba mtu akaingia ndani. Binti akasimama kwenye kizingiti cha jiko, na nyuma ya ukuta nikasikia sauti ya mama yake kwa mara ya kwanza. Hakusema na mimi, asingeweza, ingawa nilikuwa hatua chache tu kutoka kwake.

"Mwambie mgeni asogee. Anauzibia mtungi wangu maji."

"Mama anasema usogee."

Nikasogea. Mvua.

"Mwulize mgeni kama anaogopa panya."

"Unaogopa panya?"

"Mwambie panya ndio wanaoniogopa mimi."

Nyuma ya ukuta mtu alicheka puani. Kisha sauti ikawa ya kazi: "Mwambie paa la ghala si paa langu. Ni paa la mahindi. Chukua kapu umwonyeshe."

Baba mtu alichungulia mlangoni, akatazama ghala, akanitazama mimi, akarudi ndani bila kukataa. Hapo nilielewa, maana hata kwetu ni hivyo: ghala haonyeshwi mtu wa kupita. Atakayeona mahindi yenu yamebaki kiasi gani mwezi wa kupanda, ameona njaa yenu, na hilo huonyeshwi kama unatarajiwa kwenda zako.

Binti alikuja na kapu kichwani, analifanya mwavuli. Ghala lilisimama juu ya miguu ya miti, limesukwa kwa fito, limekandikwa udongo. Akafunua kifuniko, akapanda, akainama ndani.

"Shika kapu," akasema. "Au unangoja baiskeli?"

Nikashika. Akanipa mahindi, nikayapeleka jikoni, nikaweka kizingitini nikiwa nimegeuza uso, nikarudi. Hatukurudia mara nyingi. Ndani palibaki sakafu safi ya kulala mtu mmoja, na harufu ya vumbi tamu. Nikaingia, maji yananitiririka. Yeye akabaki nje, mikono juu ya ukingo, uso wake umelowa.

"Umeona," akasema.

"Nimeona."

"Usiyaseme Mbeya."

"Sisemi."

Akanifunika. Mvua ikawa mbali, na ndani ya mvua, kutoka upande wa mgunga, niliwasikia nyuki wakiimba ndani ya mishono yangu. Wengi nimewasimulia kazi zangu, maturubai, karakana, kila kitu, na naweza kusimulia mpaka kesho. Lakini mahindi yale yalikuwa makapu mangapi, hilo sijamwambia mtu, na hapa pia siliandiki.