Gome Ndani ya Birika

Mwaka tuliohamia kijiji cha ujamaa, upande wa Kinampanda, kaka yangu alirudi kutoka kwenye mashamba ya mkonge Tanga akiwa na mke. Hakuwa ametuma hata salamu. Mama alisema, "Nitamtazama mpaka mavuno. Akinishinda, basi la Kiomboi lipo, litamrudisha kwao." Alikuwa anapeta mtama aliposema hivyo, na hakuacha kupeta, kwa hiyo nikajua hatanii.

Mimi nilikuwa nimemaliza sekondari na kurudi kukaa jikoni, mahali ninapopapenda kuliko popote duniani. Wenzangu walitafuta kazi mijini. Mimi nilitafuta kigoda. Shangazi, dada yake baba, akaniita Profesa wa Mafiga.

Asubuhi moja, kaka akiwa shamba la kijiji, wifi aliomba kuchemsha chai. Nikampisha kigoda changu, jambo nisilomfanyia kila mtu. Harufu ikajaa nyumba. Nilisimama na ufagio mkononi nikinusa kama mbuzi aliyeona chumvi. Wifi akampelekea mama kikombe kwa mikono miwili, goti limepinda, kisha akampa shangazi chake.

Kwetu anayekukaribisha kinywaji hukionja kwanza mbele ya macho yako, iwe togwa, iwe maji. Wifi hakuonja. Mama akangoja. Wifi naye akasimama pale, anatabasamu.

Shangazi ndiye aliyefunua birika. Alichovya upawa, akaibua kipande cha gome la kahawia, kimejikunja, na vijimbegu vyeusi vimekigandia.

"Gome la mti! Jamani, tunanyweshwa dawa mchana kweupe!"

Mama alikiweka kikombe chini kwa kishindo, chai ikamwagikia kanga yake. Kwetu gome huchemshiwa anayeumwa tumbo, au mume wa mtu. La tatu sikuwahi kulisikia.

"Mama, ni mdalasini," wifi akasema. "Na mbegu hizo ni iliki. Viungo vya chai tu."

Shangazi akanigeukia. "Haya, Profesa, wewe uliyemaliza mbuzi wa baba yako kwa ada. Mdalasini ni mti?"

Mdalasini niliujua. Bwenini tulinyunyiziwa kwenye uji siku za sikukuu, unga wa kahawia kutoka kwenye kopo. Niliweza hata kuchora ramani ya Pemba na karafuu zake. Lakini hakuna aliyewahi kuniambia kwamba unga ule ulianza maisha yake ukiwa umevaliwa na mti. Nilidhani, Mungu anisamehe, unachimbwa ardhini.

"Ninaoujua mimi ni unga," nikasema.

Wifi alinitazama kama niliyemsukumia kisimani.

Mama akamrudishia kikombe. "Mwanangu, kinywe wewe."

Wifi akaruka. "Mimi nitangulie, na mama yangu umekaa? Kwetu hiyo ni kukosa adabu! Baba angenichapa."

Tukatazamana. Kumbe alitunyima kuonja kwa heshima!

Alikipokea, akanywa chote bila kupumua, machozi yanamtiririka. Nikadhani ni moto wa chai. Aliposhusha kikombe akalia kweli, akafungua pindo la kanga na kutoa vipande vingine.

"Mti wake uko nyuma ya nyumba yetu. Baba alilibambua gome hili mwenyewe asubuhi ninaondoka. Akasema, mpikie mama mkwe chai, akiinusa tu atajua umetoka kwa watu."

Mama alichukua kipande kikavu, akakitia kinywani, akatafuna. Sijapata kuona uso umeduwaa vile. Hata siku tulipoambiwa tuache nyumba zetu tuhame, mama hakuduwaa hivyo.

"Tamu," akasema, kama anayelalamika. "Gome, halafu tamu!" Akasukuma kikombe mbele. "Nimiminie. Ila onja kwanza, ndipo unipe."

Wifi akaonja, amefumba macho kwa aibu.

Basi la Kiomboi halikutajwa tena. Ila shangazi, kwa ubishi wake, alikataa kwamba Mungu aliwapa gome tamu watu wa Tanga peke yao. Kila alipotoka kuokota kuni alirudi na magome ya miti ya porini kwetu, akayachemsha, akanikabidhi kikombe mimi, msomi wa nyumba.

"Profesa," anasema, "onja kwanza."